Ngoma Isifungwe kwa Kosa la Ramli

Tangu zama za Waarabu wa Maka, mshairi na kuhani walitajwa pamoja. Msomaji wa Surat al-Haaqa anajua kwamba Mtume (S.A.W.) alibandikwa majina hayo mawili, na Kurani ikayakanusha yote. Visiwani nako, Kasida ya Burda, aliyoitunga al-Busiri wa Misri katika karne ya 13, husomewa wagonjwa, kwani yasimuliwa kwamba mtungaji mwenyewe alikuwa amepooza, akapona baada ya kuitunga.

Bara hali ni hiyo hiyo. Katika nchi ya Wasukuma, vyama viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, vilizaliwa katika karne ya 19 kwa ushindani wa waganga wawili, Gumha na Ngika. Baada ya mavuno vikundi hivyo hucheza kiwanja kimoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Manju, aitwaye ningi, hutunga nyimbo za kujisifu na kumkejeli mpinzani. Mganga naye huleta dawa ya mvuto, iitwayo samba. Watazamaji wakihamia upande wa pili, watu huulizana: ni wimbo au ni dawa?

Swali hilo lingekuwa la kuchekesha tu, lau imani ya kununua bahati kwa mganga isingefika machimboni na ziwani. Tangu 2007 Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwamo, imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa kwa tamaa ya utajiri. Vikongwe nao waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa jikoni. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Hata hivyo, viongozi wa vijiji wasije wakaifunga ngoma kwa kosa la ramli. Ningi husema hadharani, na aliyekejeliwa humjibu papo hapo kwa wimbo. Mpiga ramli hunong'ona chumbani, na bibi kizee aliyetajwa hupata habari panga likiwa mlangoni.

Hatuna budi, basi, kuwapa maningi kiwanja na kuwaomba watunge nyimbo za kuwatetea vikongwe hao. Neno lililouficha uovu litafichuliwa na neno.