Jua Lisipochomoza

Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta twalikimbia jua. Twatafuta kivuli cha mwembe, twajikinga kwa mwamvuli, na mama humkaripia mtoto achezaye nje saa saba za mchana. Ni vigumu basi kwetu kuamini ya kuwa ziko nchi ambazo watu wake hulingojea jua kama mkulima angojeavyo mvua, na siku lirudipo huoka maandazi kwa furaha.

Mji wa Tromsø, ulioko kaskazini mwa Norwe, ni mmojawapo. Kila mwaka, tangu yapata tarehe 27 Novemba hata tarehe 15 Januari, jua halichomozi kabisa. Si kwamba limefunikwa na mawingu, la. Lenyewe liko chini ya upeo wa macho, usiku na mchana. Ukiendelea mbele mpaka Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, hali hiyo yadumu tangu mwisho wa Oktoba hata katikati ya Februari. Na huko Kanada, mji wa Inuvik wakosa jua kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mji huu wa Inuvik wastahili kutajwa humu, kwa kuwa mwaka 2010 Waislamu wake wachache walijengewa msikiti katika mji wa Winnipeg, kisha ukachukuliwa mzima mzima juu ya lori na tishari, mwendo wa kilometa 4,000 hivi, mpaka ukawafikia. Waislamu basi wako huko. Na miongoni mwa waliohamia nchi za kaskazini wamo Wasomali wengi, wamo ndugu zetu wa Kongo, na wamo vijana wa pwani yetu. Jambo liwapatalo miilini mwao wakati wa baridi ndilo tutakalolieleza, kwani jamaa zao walioko nyumbani hawalijui, na pengine wao wenyewe hawalijui mpaka mtoto ameanza kupinda miguu.

Mwili wa mwanadamu wahitaji kitu kiitwacho vitamini D. Bila ya kitu hiki, matumbo hayawezi kuichukua vema chokaa iliyomo katika chakula, na mifupa hukosa ugumu wake. Vitamini nyingine kwa sehemu kubwa twazipata kwa kula, lakini hii ina ajabu yake: ngozi yenyewe huitengeneza. Ndani ya ngozi mna mafuta ya namna maalumu. Miali fulani ya jua, isiyoonekana kwa jicho, ikiyapiga, hugeuka yakawa vitamini D. Kisha ini huibadili mara ya kwanza, na figo huibadili mara ya pili, ndipo iwe tayari kufanya kazi. Ile iliyokwisha kupita katika ini ndiyo ipimwayo na madaktari katika damu, na kila baada ya majuma mawili au matatu hupungua nusu yake ikiwa haikuongezwa. Kwa hiyo akiba ya kiangazi haifiki mbali.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hukosea. Hudhani ya kuwa taabu ni kiza peke yake, na kwamba palipo na jua pana vitamini. Sivyo. Miali ile ni dhaifu. Jua likiwa chini, hulazimika kupita katika hewa nyingi, ikapotelea njiani. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani waliichunguza habari hii, wakaona ya kuwa katika mji wa Boston, ambao si wa ncha ya dunia hata kidogo, jua la tangu Novemba mpaka Februari halifanyi vitamini D katika ngozi; na Edmonton, ulioko kaskazini zaidi, ni tangu Oktoba mpaka Machi. Mtu aweza kusimama nje katika mwangaza mzuri, theluji ikimeremeta pande zote, asipate kitu. Wazee wetu waliokuwa wakitazama kivuli ili kujua kwamba alasiri imeingia wangeielewa kanuni hii upesi: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, jua hilo halina faida kubwa kwa mifupa yako. Katika nchi za kaskazini, kivuli cha saa sita ya mchana huwa kirefu namna hiyo kwa miezi mingi.

Zaidi ya hayo, rangi nyeusi ya ngozi ni mwamvuli alioumbiwa mtu wa nchi za jua kali. Hapa kwetu ni neema tupu. Mwaka 2012 wataalamu walichapisha vipimo vya damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waishio kwa desturi zao za asili, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, na hali wataalamu wengi huridhika na 50. Lakini mwamvuli huo huo, ukipelekwa Oslo au Helsinki, huizuia hata ile miali michache iliyopo. Ndiyo sababu wahamiaji wa asili ya Pakistani na Somalia, walipopimwa katika nchi hizo za kaskazini, mara nyingi wamekutwa na upungufu uliozidi ule wa wenyeji.

Je, wenyeji wenyewe waliishije kabla ya madawa? Waliishi kwa samaki. Watu wa pwani ya Norwe hula wakati wa baridi chakula kiitwacho mølje, yaani samaki pamoja na ini lake na mayai yake, na ini la samaki wa bahari ile limejaa vitamini D. Mwaka 1854 Mnorwe mmoja, Peter Möller, alianza kuyatoa mafuta ya ini hilo kwa mvuke yakawa safi, nayo ndiyo mafuta ya samaki ambayo wengi wetu tulinyweshwa utotoni huku tumefumba macho. Nao Wainuit wa Kanada na Greenland walijitosheleza kwa samaki, sili na nyangumi. Tangu walipoingiliwa na vyakula vya dukani, unga mweupe na sukari, upungufu umewaingia hata wao. Hapo naona pana fundisho kwa wale wanaodhani kila kilichomo katika kopo ni maendeleo.

Huko Antaktika, mwaka 2007, watu wa kituo cha McMurdo walijaribiwa katika miezi ya kiza. Waliopewa vidonge, wengine vipimo 400 kwa siku, wengine 1,000 na wengine 2,000, damu zao zilistawi. Wasiokunywa chochote walishuka hata wastani wa 34 hivi. Wataalamu wa safari za anga ndio waliotaka kujua, kwa kuwa msafiri wa anga naye hukaa ndani ya chombo asipate miali hiyo.

Sasa natugeuke kwenye nyumba zetu, kwani huko ndiko kwenye madhara. Mwanamke wa pwani avaaye buibui akitoka, nyumbani ana ua. Huko uani hufua, huanika nguo, hupeta mchele, mikono na kichwa vikiwa wazi, na jua limpate bila ya yeye kulifikiri. Akihamia Ulaya, hupewa nyumba ya ghorofa ya nne isiyo na ua, na akitoka hujifunika kwa stara na kwa baridi pia. Wengine huketi dirishani wakidhani wanaota jua. Lakini kioo huizuia miali ile. Baada ya miaka michache huanza kuumwa na nyonga, mapaja na mgongo, akipanda ngazi ni kwa kujikongoja, naye huambiwa ni uchovu, au ni kuikumbuka nchi yake. Akichukua mimba, mtoto huzaliwa na akiba haba; na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo mno. Mtoto huyo aweza kuchelewa kutambaa, kutoka matege, na pengine kupatwa na degedege kwa kupungua chokaa katika damu. Si jicho la hasidi, wala si urithi wa ukoo.

Dawa yake ni nyepesi. Katika nchi za kaskazini mtoto mchanga hupewa matone yenye mikrogramu 10 kila siku, na mkubwa hushauriwa kupata kiasi hicho hicho, mzee zaidi kidogo. Uingereza nayo, tangu mwaka 2016, yawashauri wenye ngozi nyeusi na wenye kujifunika watumie mikrogramu 10 mwaka mzima, wala si wakati wa baridi tu. Wafini waliitia vitamini hii katika maziwa tangu mwaka 2003, na mwaka 2010 wakaongeza kiasi chake maradufu. Lakini tusidanganywe na wauzaji wasemao kwamba huponya kila kitu: katika jaribio kubwa la Marekani la watu karibu 26,000, lililotangazwa mwaka 2018, haikuzuia saratani wala maradhi ya moyo kuwapata watu. Na kuzidisha kuna hatari, kwani chokaa hujaa katika damu na kuyadhuru mafigo. Mtu mzima asivuke mikrogramu 100 kwa siku pasipo amri ya daktari.

Limebaki swali ambalo akina mama hulisumbukia, nalo ni halali na haramu. Vitamini D ya vidonge mara nyingi hutolewa katika mafuta ya sufi ya kondoo, na iko nyingine itokanayo na uyoga au hamira. Penye kutazamwa ni ganda la kidonge laini, ambalo mara nyingi ni jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Basi isomwe karatasi ya chupa, au aulizwe muuza dawa. Asiyetaka mashaka achague matone, au mafuta ya samaki ya chupa yanywewayo kwa kijiko, ambayo hayana ganda lolote. Ila mwenye mimba asiyatumie hayo ya ini bila ya kumwuliza mkunga, kwa kuwa yana vitamini A nyingi pia.