HERUFI ZILIZOTOKA KINYWANI MWA MBWA

Msomaji, usiicheke herufi kabla hujaijua nasaba yake. Iko chapa iitwayo Comic Sans, yenye sura ya hati ya mkono, ambayo wajuzi wa uchapaji huidharau mno. Nami nasema: haifai kuhukumiwa kabla ya kesi yake kusikizwa.

Aliyeibuni ni Vincent Connare, mwaka 1994, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Microsoft nchini Marekani. Aliona programu ya kompyuta iliyoitwa Microsoft Bob, ambamo mbwa wa katuni alimwelekeza mtumiaji. Maneno ya mbwa huyo yaliandikwa kwa Times New Roman, chapa iliyoundwa kwa ajili ya gazeti la London. Lo! Mbwa kunena kama mhariri! Connare akavifungua vitabu vya katuni vilivyokuwa ofisini, vikiwemo vya Batman, akachora herufi za mviringo, zenye ncha butu, zisizonyooka sana.

Hazikuwahi kutumika katika Bob, kwani zilichelewa. Lakini mwaka 1995 zilitolewa na nyongeza ya Windows 95, zikaenea kama moto wa makuti. Watu wakazibandika kila mahali, penye kicheko na penye kilio. Wabunifu wawili wa Indianapolis wakaanzisha kampeni ya kutaka zipigwe marufuku. Na tarehe 4 Julai 2012, huko CERN karibu na Geneva, Fabiola Gianotti alipoeleza ugunduzi wa chembe ya Higgs, baadhi ya watu waliiacha habari kubwa wakashika kucheka herufi zake!

Sisi tuliosoma chuoni jambo hili halitushangazi. Khati zina daraja zake. Thuluthi hupamba misikiti na vichwa vya vitabu. Ruqaa ni ya mkono wa haraka, ya barua na hesabu za duka. Hakuna aitukanaye ruqaa kwa kuwa si thuluthi. Kosa ni la aiwekaye pasipo pake.

Tena kuna la kupima kwa uzito. Shirika la Uingereza linalowatetea wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma, limeitaja Comic Sans miongoni mwa chapa zinazofaa kwa watu hao. Itazame: herufi «a» yake ni ile ile mtoto afundishwayo kuiandika, na «I» kubwa haifanani na «l» ndogo. Basi msomi anayeipiga vita huenda anamnyang'anya mtoto ngazi ya kupandia.

Kwa hiyo, enyi wenye viwanda vya chapa na walimu wetu, tangazo la tanzia lipeni herufi zenye haya na utulivu. Lakini kitabu cha mtoto, kadi ya mwaliko wa karamu au bango la mchezo wa shule, vipeni hati hii bila ya kuona aibu. Mcheza kwao hutunzwa.