Tupa Inayokumbuka Umbo Lake

Wewe unayeumwa jino, usiombe upesi ling'olewe. Pengine kilichooza ni nyama ya ndani tu. Hiyo huweza kutolewa, na jino likabaki. Shida ni mizizi. Mizizi ya magego mara nyingi imepinda, na munganga wa meno hupaswa kusafisha ndani yake kwa tupa nyembamba kama sindano. Tupa za chuma kigumu hutaka kwenda moja kwa moja, na pengine hutoboa ukuta wa mzizi.

Mwaka 1988, huko Marekani, zilionyeshwa tupa za nikeli na titani, madini mawili yaliyoyeyushwa pamoja. Hizo hupinda na kurudi. Lakini nazo ziliweza kukatika ghafula ndani ya jino bila kutoa dalili, na kutoa kipande kilichobaki humo ni kazi ngumu kweli.

Basi watengenezaji walizirudisha motoni. Si moto wa jikoni, bali tanuru lenye joto la kupimwa, mara nyingi karibu na digrii 500. Joto hilo hubadili mpangilio wa ndani wa madini. Tupa ikipoa huwa laini, hufuata mzizi uliopinda, tena huzunguka mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka.

Ukimwona munganga akiipinda kwa vidole, usiogope. Ikitiwa katika mvuke wa moto wa kuua vijidudu, hujinyoosha yenyewe. Ile isiyonyoka, au ambayo misokoto yake imefunguka, haifai kuingia tena kinywani mwa mtu.