Watoto wapungua, bei ya begi yapanda

Nchini Japani idadi ya watoto wanaozaliwa imeshuka sana katika miaka 50 iliyopita, lakini bei ya begi analobeba mtoto siku yake ya kwanza shuleni imezidi kupanda. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kwamba wateja wakipungua bei nayo hulegea, hiki ni kioja. Maelezo yake yamo katika mila ya familia.

Begi hilo huitwa randoseru. Ni la mgongoni, gumu, lenye umbo la sanduku, na hutengenezwa kwa ngozi halisi au ngozi ya kiwandani. Mtoto hulipata akiwa na umri wa miaka sita, anapoingia darasa la kwanza mwezi Aprili, na hulibeba mpaka amalize darasa la sita. Siku ya kwanza wazazi huvaa nguo zao nzuri, humpeleka mtoto kwenye sherehe ya kupokea wanafunzi wapya, kisha hupiga naye picha kwenye lango la shule, begi likiwa mgongoni. Picha hiyo huwekwa na familia kwa miaka mingi.

Takwimu zinaeleza ukubwa wa kioja chenyewe. Mwaka 1973 walizaliwa Japani watoto wapatao milioni 2.09. Mwaka 2016 idadi ilishuka chini ya milioni moja kwa mara ya kwanza, ikawa kama 977,000. Mwaka 2024 walizaliwa takriban 686,000 tu. Wakati huohuo, wastani wa bei ya randoseru ulipanda kutoka yen 51,000 na ushei mwaka 2018 hadi yen 59,000 na ushei mwaka 2024, yaani karibu dola 400 za Marekani kwa viwango vya mwaka huo.

Shanta ya askari

Asili ya begi hilo ni shanta ya jeshi. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiholanzi, ransel, na Wajapani waliliazima pamoja na shanta yenyewe walipoanza kuunda jeshi la kisasa katika karne ya 19. Mwaka 1885 shule ya Gakushuin ya Tokyo, iliyokuwa ikisomesha watoto wa makabaila, ilipiga marufuku wanafunzi kuletwa kwa magari ya farasi na riksho. Kila mtoto alitakiwa aje kwa miguu, akibeba vitu vyake mwenyewe mgongoni. Mwaka 1887 Waziri Mkuu Ito Hirobumi alimzawadia mwana wa mfalme, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Taisho, shanta ya umbo la sanduku alipoanza shule. Hapo ndipo zawadi ya siku ya kwanza ilipoanzia.

Hata hivyo, kwa miaka mingi randoseru ilibaki kuwa mali ya wenye nacho wa mijini. Watoto wengine walifunga vitabu vyao katika kitambaa. Begi lilienea kwa watu wote baada ya Vita Kuu ya Pili, uchumi ulipokua. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kuraray ilileta sokoni ngozi ya kiwandani iitwayo Clarino, nyepesi na isiyoharibiwa na mvua, na sehemu kubwa ya mabegi ya leo hushonwa kwa ngozi hiyo.

Kwa muda mrefu rangi zilikuwa mbili tu: nyeusi kwa wavulana na nyekundu kwa wasichana. Mwaka 2001 kampuni ya maduka makubwa ya Aeon ilianza kuuza mabegi ya rangi 24. Tangu hapo mtoto mwenyewe amekuwa na sauti katika uchaguzi, na mnunuzi ambaye zamani alichagua kati ya mbili sasa hulinganisha rangi, uzito, mishono na nakshi. Kila nyongeza ina bei yake.

Mifuko sita

Wafanyabiashara wa Japani wana msemo wa "mifuko sita": baba, mama, babu wawili na bibi wawili, wote wakimtazama mtoto mmoja. Kwa desturi, randoseru hununuliwa mara nyingi na babu na bibi. Bibi mwenye wajukuu wanane angegawa alichonacho mara nane. Mwenye mjukuu mmoja hana wa kumgawia mwingine, na siku ya kwanza shuleni haiji mara mbili. Ndiyo maana kupungua kwa watoto, badala ya kuvunja bei, kumeipandisha.

Faida ya pili kwa mtengenezaji ni kalenda. Familia huanza kutafuta begi karibu mwaka mzima kabla ya Aprili. Shughuli hiyo ina jina lake, rankatsu, na maagizo hupamba moto kati ya Mei na Julai. Karakana ndogo zenye sifa humaliza nafasi zao za mwaka mapema. Fundi hupokea maagizo miezi mingi kabla ya siku ya kukabidhi, hivyo mtaji wake hauozi stoo. Kwa upande wake, watengenezaji wengi hutoa dhamana ya matengenezo kwa miaka sita, na dhamana hiyo humtuliza babu anayetoa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mzigo wa mila

Mila inayomnufaisha muuzaji humwelemea asiye na mifuko sita. Tarehe 25 Desemba 2010 mtu asiyejulikana aliacha mabegi kumi mapya kwenye kituo cha ustawi wa watoto mkoani Gunma, akitumia jina la Date Naoto, shujaa wa hadithi ya katuni ya Tiger Mask aliyekulia katika nyumba ya yatima. Baada ya siku chache watu wengine wakaanza kuiga, na mabegi yakapelekwa kwenye vituo vya watoto nchi nzima. Aliyetoa alijua kwamba mtoto anayefika shuleni bila begi huonekana na wote. Mji wa Hitachi, mkoani Ibaraki, huwapa bure wanafunzi wake wapya mabegi tangu miaka ya 1970.

Aidha, kuna malalamiko ya uzito. Begi tupu huwa na kilo moja na zaidi, na vitabu navyo vimeongezeka unene. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilizitaka shule ziruhusu baadhi ya vitabu kuachwa darasani. Mabegi ya kitambaa, mepesi na ya bei nafuu, yameanza kupata wateja.

Kwa mwekezaji, hesabu ya mbele ni ngumu zaidi. Soko hili lina sifa adimu: wateja wake wote wamekwisha kuhesabiwa miaka sita kabla. Wengi wa waliozaliwa 2024 wataingia darasa la kwanza Aprili 2031. Ili watoto hao 686,000 walete fedha ileile ambayo kundi la 977,000 lingeleta kwa bei ya yen 59,000, begi litapaswa kuuzwa kwa yen 84,000. Mifuko sita ni mirefu, lakini ina mwisho.

Januari ya kwetu

Katika Afrika Mashariki hesabu imepinduka: watoto ni wengi na mifuko ni michache. Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2003, idadi ilipanda ndani ya mwaka mmoja kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ada iliondoka, lakini sare, viatu, soksi na madaftari vilibaki kwa mzazi, tena baada tu ya gharama za Krismasi na mwaka mpya.

Mila zipo huku pia. Mtoto hunyolewa nywele, hununuliwa sare kubwa kidogo "ya kukulia", na kaka akimaliza, sare humwendea mdogo wake. Ni mila za kubana matumizi, na muuzaji anayetaka kuzigeuza kuwa za kifahari atabaki na mzigo. Bei ya Kijapani haiigiki Kariakoo. Kinachoigika ni kalenda: kupokea malipo ya kidogo kidogo tangu Julai, mzazi akiwa bado na chochote baada ya mavuno, na kumkabidhi sare na begi Desemba. Vilevile dhamana ya mshono, hata ya mwaka mmoja, ingemrudisha mzazi yuleyule kwa mtoto wa pili.

Mtoto wa Januari ijayo naye amekwisha kuzaliwa. Aliyebaki kujiandaa ni muuzaji.