Kompaila Inapoanguka kwa -O2

Kando ya Mto Tana, pale Kulesa, kompyuta iliyo karibu zaidi na kijana anayejifunza programu huenda ikawa ni simu yake. Simu nyingi za Android zina prosesa ya ARM, na kwa kutumia programu ya Termux zinaweza kuendesha Clang, kompaila kamili isiyomlazimu mtu kupanda gari hadi Garsen kutafuta laptop. Tuseme kijana huyo amepata msimbo wa kompaila ndogo iliyoandikwa kwa C, akaijenga humohumo simuni. Kwa -O0, yaani bila uboreshaji, inafanya kazi. Kwa -O2 inaanguka kabla ya kumaliza faili la kwanza.

Mwenzake mwenye laptop ya Intel anaijenga hiyohiyo kwa -O2, na haisumbui.

Wengi huulaumu uboreshaji papo hapo. Lakini uboreshaji hufanya kazi kwa kuamini: huondoa hesabu zinazojirudia, hupanga upya amri na kufuta ukaguzi unaoonekana hauna haja, ukichukulia kwamba mwandishi amezitii kanuni zote za C. Akisoma kigezo ambacho hakukipa thamani, au akivuka mwisho wa safu, kanuni hazimhakikishii lolote. Kwa -O0 kosa hilo laweza kujificha miaka mingi.

Historia inalo la kusema. Kompaila ya GCC 6, iliyotoka mwaka 2016, ilianza kuchukulia kwamba kielekezi «this» katika C++ hakiwi tupu kamwe, ikafuta ukaguzi wa jambo hilo. Programu kubwa zikaathirika, zikiwamo Qt 5 na Chromium, kwa sababu misimbo yao ilikuwa imeikiuka kanuni tangu zamani. Hata hivyo kompaila nazo hukosea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi chombo chao, Csmith, kilivyozalisha programu za C kwa bahati nasibu na kufichua kasoro zaidi ya 325 katika kompaila mbalimbali, GCC na Clang zikiwamo.

Basi uchunguzi uanzie wapi? Kwanza kwenye kumbukumbu ya simu. Uboreshaji hula kumbukumbu nyingi wakati wa kujenga, na mfumo ukizidiwa huiua kazi yenyewe. Kama ujenzi ndio uliokatika, punguza kazi zinazokwenda sambamba kwa «make -j1» ujaribu tena.

Pili, tazama prosesa. Kwenye Intel, aina ya «char» kwa kawaida hubeba namba hasi. Kwenye ARM ya Android na Linux haibebi. Msimbo unaohifadhi alama ya mwisho wa faili, -1, ndani ya «char» hautaitambua kwenye ARM, nao utaendelea kusoma bila kikomo. Chaguo la -fsigned-char litaonyesha kama tatizo limelala hapo.

Tatu, ijenge kompaila kwa -fsanitize=address,undefined. Mara nyingi chaguo hilo hutaja faili na mstari wenye kosa.

Likikaa kimya, gawanya. Mkulima wa mpunga wa delta ya Tana ambaye maji hayamfikii hukagua mfereji katikati: maji yakiwapo hapo, uvujaji uko mbele. Vivyo hivyo, jenga nusu ya mafaili kwa -O2 na nusu kwa -O0. Ikianguka, mkosaji yumo katika nusu ya -O2. Isipoanguka, yumo katika nusu nyingine. Kwa mafaili 64, mkosaji akiwa mmoja, duru sita zinatosha.

GCC yenyewe ina kipimo chake cha kunasa makosa ya namna hii. Hujengwa kwa hatua tatu: kompaila iliyopo hujenga ya kwanza, ya kwanza hujenga ya pili, ya pili hujenga ya tatu. Ya pili na ya tatu zikilinganishwa lazima zifanane baiti kwa baiti; zikitofautiana, ujenzi husimamishwa.

Ukilipata faili lenye kosa kwa kugawanya, usiishie kuliachia -O0. Punguza msimbo hadi mistari michache inayoonyesha kosa, kisha waandikie wenye mradi ukitaja toleo la kompaila, aina ya prosesa na machaguo yote uliyotumia.