Cuba na Kigoma: Muhogo, rumba na boti iliyovuka ziwa usiku

Ukiwa Busunzu, wilayani Kibondo, Cuba ni mbali kwelikweli. Ni kisiwa cha Bahari ya Karibiani, ng'ambo ya Atlantiki. Lakini muhogo ulio kwenye sahani yako na rumba unayoisikia redioni vina undugu na kisiwa hicho. Na mwaka 1965, Wacuba wenyewe walipita mkoani Kigoma.

Iko hivi.

Watu waliochukuliwa

Christopher Columbus alifika Cuba Oktoba 1492 na kuwakuta Wataino. Ndani ya miongo michache, maradhi mageni na kazi za shuruti chini ya Wahispania viliwaua wengi wao.

Baadaye mashamba ya miwa yalihitaji mikono, na mikono hiyo ikatafutwa Afrika. Wanahistoria wanakadiria kuwa Waafrika takriban 800,000 walifikishwa Cuba kama watumwa, wengi wao baada ya mwaka 1790. Sehemu kubwa walitoka eneo la Kongo na Angola. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1886 tu.

Muhogo ulikuja, bamia ikaenda

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani ya Kongo kutoka Brazil katika karne ya 16, ukasambaa polepole hadi kwetu.

Muhogo mchungu una sumu, na kila upande ulijifunza kuitoa kwa njia yake. Sisi tunauloweka, tunauanika, kisha tunausaga kupata unga wa ugali. Wataino waliukuna, wakaukamua maji, wakauoka kuwa mkate mkavu uitwao casabe. Desemba 2024, UNESCO iliuingiza mkate huo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la Cuba na nchi jirani zake. Huku kwetu bado wapo wanaouita muhogo chakula cha njaa!

Waafrika nao walipeleka vyao. Bamia huko huitwa quimbombó, jina lenye asili ya Kibantu. Ndizi za kuponda huitwa fufú. Na sahani maarufu ya Cuba, congrí, ni wali uliopikwa pamoja na maharage. Mtu wa Kibondo hawezi kuishangaa.

Rumba ilikwenda, ikarudi

Ngoma ndefu za Cuba, tumbadora, zina mizizi ya Kongo. Ipo pia marímbula, sanduku lenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole. Ukiijua ilimba ya Wagogo, hii ni kama kaka yake mkubwa.

Mashariki ya Cuba, mapigo hayo yalikutana na gitaa la Wahispania, ikazaliwa son. Miaka ya 1930 santuri za Cuba zilianza kuuzwa Afrika. Vijana wa Kinshasa na Brazzaville walizisikia, wakazipenda, wakaanza kuimba kwa Kilingala. Hiyo ndiyo rumba ya Kongo.

Kutoka Kongo ikaingia Tanzania pamoja na wanamuziki wenyewe. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mashariki ya Kongo, alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. UNESCO iliitambua rumba ya Cuba mwaka 2016, na ya Kongo mwaka 2021.

Moja, Mbili, Tatu

Sasa turudi mwaka 1965. Usiku wa kuamkia Aprili 24, boti iliondoka Kigoma kuvuka Ziwa Tanganyika. Ndani yake alikuwemo Che Guevara, mwanamapinduzi mzaliwa wa Argentina, pamoja na kundi la kwanza la wapiganaji wa Cuba. Walikwenda kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo, akiwemo Laurent Kabila.

Ili wasijulikane, walipewa majina ya Kiswahili. Kamanda Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili, na Che akawa Tatu.

Jumla walifika zaidi ya 100, na wengi walikuwa Wacuba weusi. Yaani wajukuu wa watu waliobebwa kutoka Afrika kwa minyororo walirudi na bunduki, wakipitia Kigoma. Hawakufanikiwa. Waasi walikuwa wamegawanyika, na ilipofika Novemba mwaka huohuo, Wacuba walirudi Kigoma kwa boti.

Jaribu mwenyewe

Kama una bando, tafuta wimbo "El Manisero" uliorekodiwa na Don Azpiazú mwaka 1930. Ukimaliza, sikiliza "Indépendance Cha Cha" ya Joseph Kabasele na African Jazz, ya mwaka 1960. Cha-cha-chá yenyewe ni mtindo wa Cuba. Fuatilia mapigo tu, maneno yaache, kisha mwulize mzee wa nyumbani ni bendi gani ya zamani inayomjia kichwani.