Kufundisha Picha ya Sura katika Shule ya Sekondari: Mwanga, Umbali na Mpangilio katika Darasa la Annexe, Lubumbashi

0. Utangulizi

Komuni ya Annexe imezizunguka komuni nyingine sita za Lubumbashi kama ukingo unavyozunguka ungo. Kampasi ya Kasapa, tunakofundishia, imo ndani yake. Hata hivyo ni wachache miongoni mwetu wanaovuka barabara kwenda kuona shule za jirani zinafundisha nini. Makala haya yametokana na kuvuka barabara huko. Kwa muda wa mwaka mmoja wa masomo tulishiriki, kila Jumatano alasiri, katika darasa la picha la shule moja ya sekondari. Wanafunzi walikuwa 19. Vifaa vyao vilikuwa simu za mkononi sita na kamera moja ya zamani.

Siku ya kwanza tuliomba kila mmoja alete picha ya mtu wa jamaa yake anayemheshimu. Binti mmoja alileta nakala iliyokuzwa ya picha ya kadi ya mpiga kura, ile kadi ambayo kwa miaka mingi imekuwa kitambulisho cha Wakongo walio wengi. Ilikuwa ya bibi yake, na ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza siku ya kilio kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Uso ulikuwa weusi mtupu, macho hayaonekani. Binti yule akasema: “Huyu si nkambo wangu. Nkambo alikuwa anacheka.”

Kauli hiyo ndiyo iliyotuongoza mwaka mzima. Katika kurasa hizi tunakusudia kueleza stadi tatu ambazo mwanafunzi hana budi kuzipata ili picha ya mtu imfanane mtu huyo, yaani mwanga, umbali na mpangilio. Na pamoja na hayo kupendekeza maneno ya Kiswahili ya kuzifundishia.

1. Neno na kitu

Katika Kiswahili cha pwani neno la kawaida ni picha, lililotoka katika Kiingereza. Kwetu Lubumbashi neno la kila siku ni foto, lililotoka katika Kifaransa. Kuna neno la tatu ambalo ni la zamani kuliko yote mawili, nalo ni sura. Katika Kiarabu, lilikotoka, neno hili lina maana ya umbo na pia ya picha; Kiswahili kililipokea kwa maana ya umbo na uso. Kwa hiyo tunapopendekeza “picha ya sura” kwa kile ambacho mwalimu hukiita kwa Kifaransa portrait, hatubuni kitu kigeni. Tunayakutanisha maneno ambayo wanafunzi wanayo tayari.

Kitenzi nacho kinastahili kuangaliwa. Twasema kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura, kupiga picha. Ni kweli kwamba katika matumizi hayo kitenzi kimepoteza uzito wake wa asili. Lakini umbo la kutendwa, kupigwa picha, bado linamweka mtu mahali pa mpokeaji wa tendo, na historia ya Katanga inaonyesha kwamba mahali hapo palikuwa petu kwa muda mrefu. Msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga katika miaka ya 1898 hadi 1900 ulikuwa na mpiga picha wake, François Michel, na mchoraji wake, Léon Dardenne. Katika enzi hiyo ya ukoloni watu wengi walipigwa picha za mbele na za ubavu kwa ajili ya vipimo. Picha za namna hiyo zilikusudiwa kuonyesha aina ya watu. Hazikukusudiwa kumwonyesha mtu.

Mwana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978 na kusoma katika Chuo Kikuu chetu, aliurudia msafara huo wa Lemaire katika kazi yake Congo Far West ya mwaka 2011. Kabla ya hapo, katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006, alizikata sura za wafanyakazi kutoka katika picha za kale za migodini akazisimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines ya leo. Tulipowaonyesha wanafunzi picha hizo, swali lao la kwanza halikuhusu ufundi. Waliuliza: “Hawa ni nani?” Swali hilo ndilo mwanzo wa somo.

2. Mwanga

Lubumbashi iko karibu digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa Oktoba, na tena katikati ya Februari, jua la adhuhuri hupita karibu juu kabisa ya kichwa. Mwanga unaotoka juu huangaza paji la uso na pua, ukayaacha macho katika vivuli vya nyusi. Mwanafunzi anayempiga mama yake picha uani saa sita mchana atapata mashimo mawili mahali pa macho, hata kama kifaa chake ni cha bei kubwa.

Dawa yake haihitaji fedha. Mtu asimame ndani ya kizingiti cha mlango, au chini ya baraza, akitazama nje. Hapo hupokea mwanga wa anga wala si wa jua lenyewe; mwanga huo ni mpana, humfikia kutoka mbele, na huingia machoni. Ikiwa upande mmoja wa uso ni mweusi mno, mwenzake ashike karatasi nyeupe au shuka upande huo ili kurudisha mwanga. Wanafunzi waligundua wenyewe kwamba udongo mwekundu wa Annexe nao hurudisha mwanga, na kwamba huacha rangi yake chini ya kidevu.

Kuna shida nyingine iliyo nzito zaidi. Kipimo cha mwanga kilichomo katika kamera hukisia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina weupe wa kati, kama rangi ya jivu. Wanafunzi wa Kongo huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Kamera ikiona shati jeupe na ukuta uliopakwa chokaa, hudhani kwamba mwanga umezidi, basi huupunguza. Na unaoumia ni uso mweusi uliopo juu ya shati hilo. Huenda hayo ndiyo yaliyompata bibi wa mwanafunzi wetu: mtu mweusi mbele ya kitambaa cheupe, na kifaa kilichopima kitambaa badala ya mtu.

Yafaa wanafunzi waelezwe kwamba jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la kadi ya Shirley. Ngozi iliyokuwa kipimo ilikuwa moja, na nyingine zililazimika kuifuata. Mwanafunzi anayejua hayo hatasema tena kwamba “sura yetu haishiki vizuri.” Atapima mwanga juu ya uso wenyewe, kwa kugusa uso huo kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Hata hivyo aangalie pia kinyume chake: uso mweusi ukijaza picha nzima, kamera itataka kuufanya uwe jivu, na hapo itabidi apunguze mwanga badala ya kuuongeza.

3. Umbali

Wanafunzi wengi husogea karibu mno. Simu ina lenzi pana, na ili uso ujaze kioo huna budi kuisogeza hadi kama sentimita 40. Tuchukue kwamba pua ya mtu iko mbele ya masikio yake kwa sentimita 10. Kwa umbali huo pua iko sentimita 40 kutoka kwenye kamera na masikio yako sentimita 50. Basi pua itatokea kubwa kuliko masikio, kwa uwiano wao wa kweli, kwa asilimia 25. Ukirudi nyuma hadi mita 2, pua iko sentimita 200 na masikio 210, na tofauti inapungua hadi asilimia 5 tu. Ikumbukwe kwamba kinachobadilisha uso ni umbali, wala si lenzi peke yake. Ndiyo maana wapiga picha za sura waliotumia filamu ya milimita 35 walipendelea lenzi ya milimita 85 au karibu na hapo: iliwawezesha kusimama mbali na bado kuujaza uso.

Hesabu hiyo tuliiandika ubaoni, na mwalimu wa hisabati aliyepita mlangoni aliingia akaimalizia. Kisha kila mwanafunzi alipiga picha mbili za mwenzake, moja kwa sentimita 40 na nyingine kwa mita 2, akaikata ya pili ili uso uwe na ukubwa uleule. Hakuna aliyechagua ya kwanza.

4. Mpangilio

Neno mpangilio latosha kwa kile kinachoitwa composition. Kanuni inayofundishwa kwanza popote ni ile ya kugawa picha katika sehemu tatu, kwa wima na kwa ulalo, na kuweka macho ya mtu juu ya mstari wa juu. Jina la kanuni hiyo ni la tangu mwaka 1797, lilipotumiwa na Mwingereza John Thomas Smith alipoandika juu ya michoro ya mandhari. Wengine wangependa tuiite “kanuni ya theluthi”. Lakini tulipolitamka neno theluthi darasani, sura zote zilibaki zikitutazama. Tuliposema “mafungu matatu,” mikono ilinyooshwa. Tunapendekeza basi “kanuni ya mafungu matatu” kwa shule zetu.

Somo la pili la mpangilio ni la kilicho nyuma ya mtu. Uwanda wa Lubumbashi una vichuguu vikubwa vya mchwa, na picha kadhaa za mwanzo zilionyesha vijana waliootwa na kichuguu kichwani. Tuliwafundisha kutazama kwanza pembe nne za picha, halafu mtu. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alitumia mara nyingi mwanga wa mchana na kitambaa kilichotundikwa ukutani, akamgeuza mtu bega moja mbele. Na picha zake leo zinatazamwa duniani kote. Kanga au kitenge cha nyumbani kinatosha kuanzia.

Somo la tatu ni kupanga picha pamoja na picha nyingine. Georges Senga, naye wa Lubumbashi, katika kazi yake Une vie après la mort ya mwaka 2012, aliweka kando kwa kando picha za Lumumba na za mwalimu mmoja anayefanana naye. Maana haimo katika picha moja. Imo katika nafasi iliyopo kati ya mbili. Kazi za namna hiyo wanafunzi wanaweza kuziona mjini kwao wenyewe, kwa kuwa Lubumbashi imekuwa na maonyesho makubwa ya sanaa, yaliyoanzishwa na kituo cha Picha, tangu mwaka 2008.

5. Kupigana picha

Tulipowaambia wanafunzi “sasa mpigane picha,” walicheka sana, na mmoja akakunja ngumi. Lakini umbo hilo la kutendana lina fundisho. Anayepiga sharti naye apigwe. Kijana aliyekwisha kukaa mbele ya kamera, asijue mikono aiweke wapi, hamwamrishi tena mzee asimame juani. Humuuliza kama anakubali, humwonyesha picha, humrudishia nakala. Watu wa Annexe, wafyatua matofali kwa wachuuzi, wamezoea kuona wageni wakipiga na kuondoka. Mtoto wao asiwe mgeni mwingine.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha ya sura yaweza kufundishwa bila vifaa vya gharama, na kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Kifaransa kiendelee na kazi yake; lakini mwanafunzi anayekariri neno bila kuona kitu hajafundishwa.

Mwishoni mwa mwaka yule binti alileta picha ya babu yake. Mzee amekaa kizingitini, bega moja mbele, kitenge nyuma yake, macho yana mwanga. Tulimuuliza kama jamaa wataiweka akiba. Akajibu kwamba mzee amekataa isingojee kilio. Amesema itundikwe ukutani sasa, angali anaiona.